Mawe Kutoka Mbinguni: Ushahidi, Nadharia na Mabadiliko ya Imani ya Kisayansi Kuhusu Vimondo, 1768–1803

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1768 na mwaka 1803, yaani katika muda wa miaka 35 tu, wataalamu wa maumbile wa Ulaya walibadili msimamo wao kuhusu swali moja: je, mawe huanguka kutoka mbinguni? Mwanzoni mwa kipindi hicho wengi wao walilihesabu jambo hilo kuwa hekaya ya wakulima. Mwishoni mwake, Taasisi ya Ufaransa, iliyorithi nafasi ya Akademia ya Sayansi ya Paris, ilipokea taarifa iliyothibitisha kwamba maelfu ya mawe yalikuwa yameanguka katika siku moja huko Normandy. Mawe yenyewe hayakuwa yamebadilika. Yalianguka kabla ya mjadala, wakati wa mjadala na baada yake. Kilichobadilika ni masharti ambayo kwayo habari za kuanguka kwake zilistahili kuitwa maarifa.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kwa njia mbili. Njia ya kwanza huifanya kuwa kisa cha kiburi: wasomi walioketi mjini walikataa kuwasikiliza watu wa mashambani waliokuwa wameyaona mambo kwa macho yao. Njia ya pili huifanya kuwa kisa cha ushindi: ushahidi uliongezeka hatua kwa hatua hadi ukaishinda shaka. Makala hii inaonesha kwamba njia zote mbili zina upungufu. Hoja yake ni kwamba kukataliwa na baadaye kukubaliwa kwa vimondo kulitegemea mambo matatu yaliyofungamana: uzito uliopewa kauli za mashahidi, nafasi ya tukio hilo katika nadharia ya ulimwengu iliyokuwapo, na uwezo wa maabara wa kutoa ushahidi wa aina mpya. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililotosha peke yake.

Neno “kimondo” linahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Katika Kiswahili cha sasa neno hilo hutaja mwanga unaopita angani usiku kwa kasi, na pia jiwe au chuma kilichofika ardhini, kama ilivyo kwa Kimondo cha Mbozi nchini Tanzania. Taaluma ya Ulaya ya karne ya 18 ilivitenga vitu hivyo. Mwanga ulihesabiwa miongoni mwa matukio ya hewa pamoja na radi. Mawe yaliyodaiwa kuanguka yaliachiwa wataalamu wa madini. Na mabonge ya chuma yaliyookotwa mbali na machimbo yalikuwa fumbo lililosimama peke yake. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana budi kujihadhari: uhusiano ambao lugha yake inauchukulia kuwa wa kawaida ndio hasa uliokuwa ukibishaniwa.

2.0 Misingi ya Shaka

Habari za mawe yaliyoanguka ni za kale. Wagiriki walisimulia habari za jiwe lililoanguka Aegospotami katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Tarehe 7 Novemba 1492, jiwe la takribani kilo 127 liliangukia shamba la ngano karibu na mji wa Ensisheim, katika jimbo la Alsace. Jiwe hilo lilihifadhiwa kanisani kwa amri ya Maximilian, aliyeliona kuwa ishara ya kheri kwa vita vyake. Hivyo basi, wasomi wa karne ya 18 hawakukosa taarifa. Walikuwa na taarifa nyingi, lakini nyingi kati yake ziliwafikia zikiwa zimechanganyika na habari za mvua ya damu, mvua ya maziwa na majoka ya angani. Kwao, kuikubali habari moja katika orodha ya namna hiyo kulionekana kama kufungua mlango kwa zote.

Nadharia nayo haikutoa nafasi. Katika mafundisho ya Aristotle, eneo lililo juu ya mwezi halikuharibika wala kubadilika. Matukio yote ya ghafla yalitokana na mvuke na moshi uliopanda kutoka duniani. Isaac Newton aliyaondoa mafundisho hayo, lakini mfumo wake haukuleta nafuu kwa vimondo. Ili sayari na nyota zenye mikia ziendelee katika njia zake bila kuzuiwa, anga la mbali lilipaswa kuwa tupu. Katika uwanda uliokuwa mtupu hapakuwa na mawe ya kuanguka. Kwa njia hiyo, mifumo miwili iliyopingana katika karibu kila jambo jingine ilifikia hukumu moja kuhusu jambo hili.

Sababu ya tatu ya shaka hutajwa kwa nadra, ingawa ina uzito mkubwa. Kwa karne nyingi, watu wa Ulaya waliamini kwamba mawe fulani yenye ncha yaliyookotwa mashambani yalishuka pamoja na radi. Mwaka 1723, Antoine de Jussieu alieleza mbele ya Akademia ya Paris kwamba mawe hayo yalikuwa zana za binadamu wa zamani. Aliyalinganisha na zana zilizotumiwa na wenyeji wa visiwa vya Amerika na Kanada. Alikuwa sahihi. Kwa hiyo, Akademia ilipoletewa dai jingine la jiwe kutoka angani, tayari ilikuwa na mfano wa karibu wa imani ya wananchi iliyochunguzwa na kuonekana haina msingi. Shaka yake ilitokana na mafanikio yake yenyewe.

Falsafa ya wakati huo iliipa shaka hiyo kanuni. Katika kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu kilichotoka 1748, David Hume alifundisha kwamba mwenye hekima huipima imani yake kwa ushahidi, na kwamba kauli ya shahidi haina nguvu ya kutosha pale inapopingana na mazoea ya maumbile. Hata hivyo, Hume mwenyewe alimtaja mtawala wa India aliyekataa kuamini habari za maji kuganda kwa baridi. Alikiri kwamba mtu huyo alifikiri sawasawa, ingawa alichokikataa kilikuwa kweli. Mfano huo unaonesha kwamba kanuni njema ya kufikiri inaweza kumfikisha mtu kwenye kosa iwapo mazoea yake ni finyu.

3.0 Lucé na Hraschina: Hukumu Mbili

Tarehe 13 Septemba 1768, wavunaji karibu na Lucé, nchini Ufaransa, walisikia mshindo kama wa radi, wakatazama juu na kuona kitu kikishuka. Walikikuta kikiwa nusu kimezama ardhini, nacho kilikuwa cha moto kiasi cha kutoshikika. Padri Bachelay alipeleka sampuli Akademia, nayo ikaunda kamati ya Fougeroux, Cadet na Lavoisier, ambaye wakati jiwe linaanguka alikuwa kijana wa miaka 25. Kamati ililichunguza jiwe kwa mbinu bora za siku zile, ikapata salfa asilimia 8.5, chuma asilimia 36 na udongo wa kuyeyuka kama kioo asilimia 55.5. Katika ripoti iliyochapishwa 1772, ilihitimisha kwamba hilo lilikuwa jiwe la kawaida lenye madini ya chuma na salfa, lililokuwa limefunikwa na udongo kidogo na kupigwa na radi. Wavunaji waliona radi. Jiwe lilikuwapo pale tangu awali.

Hukumu hiyo ilikuwa kosa, lakini haikuwa ya kizembe. Tabaka jembamba jeusi lililoyeyuka juu ya jiwe lilielezwa kwa joto la radi. Ukosefu wa alama za kuungua ndani ulielezwa kwa ufupi wa muda wa pigo. Zaidi ya hayo, kamati ililinganisha jiwe la Lucé na jiwe jingine lililodaiwa kuanguka huko Coutances, ikaona yanafanana. Mtafiti wa leo angeuona ufanano huo kuwa dalili ya asili moja. Kamati iliuona kuwa dalili kwamba radi hupendelea kupiga mawe yenye madini ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, ushahidi ambao baadaye ungetumika kuthibitisha vimondo ulikuwa mezani mwaka 1772, nao ulipokewa kama uthibitisho wa nadharia iliyovikana.

Kisa cha Hraschina, nchini Kroatia, kinaonesha upande wa pili. Tarehe 26 Mei 1751, vipande viwili vya chuma vya takribani kilo 39 na kilo 9 vilianguka baada ya tufe la moto kuonekana angani. Ofisi ya askofu wa Zagreb ilichukua viapo vya mashahidi saba na kupeleka maelezo yao Vienna pamoja na kipande kikubwa. Mwaka 1790 Andreas Stütz, aliyehudumu katika hifadhi ya kifalme ya madini, aliyachapisha maelezo hayo. Alikiri kwamba kauli za mashahidi ziliafikiana kwa namna ya kushangaza. Hata hivyo alishikilia kwamba, ingawa watu wa 1751 wangeweza kusamehewa kuamini habari hizo, kuziamini katika zama zake kusingeweza kuvumilika. Maarifa ya wakati yalitumika kuushinda ushahidi wa wakati huohuo.

Lakini Stütz alifanya jambo jingine ambalo wanahistoria hawana budi kulihesabu: hakulitupa bonge la chuma wala hakuzichoma karatasi za viapo. Vyote vilibaki Vienna. Mwaka 1808, Alois von Beckh Widmanstätten alitumia kipande cha chuma hichohicho kuonesha mistari iliyopishana ambayo hadi leo hutumika kuvitambua vimondo vya chuma. Taasisi iliyokosea katika hukumu ilitunza kilichohitajika ili hukumu irekebishwe.

4.0 Chladni na Hoja ya Kuunganisha

Ernst Florens Friedrich Chladni, mzaliwa wa Wittenberg, alijulikana kwa tafiti zake za sauti. Alikuwa pia amesomea sheria. Mwaka 1793 alizungumza huko Göttingen na Georg Christoph Lichtenberg, aliyedokeza kwamba huenda matufe ya moto yanatoka nje ya angahewa. Chladni alikaa wiki tatu katika maktaba ya chuo kikuu akikusanya taarifa, na mwaka 1794 alichapisha kitabu kidogo huko Riga na Leipzig kuhusu asili ya bonge la chuma lililoonwa Siberia na Peter Simon Pallas.

Hoja zake zilikuwa tatu: kwamba mawe na chuma huanguka kweli kutoka angani, kwamba matufe ya moto ni miili hiyohiyo ikiwaka inapopita hewani, na kwamba miili hiyo hutoka katika anga la mbali. Nguvu ya kitabu haikutokana na uvumbuzi wa kitu kipya, kwani Chladni hakuwa ameona kuanguka kwa jiwe lolote. Ilitokana na kuunganisha mafungu matatu yaliyokuwa yametengwa. Kasi ya matufe ya moto, iliyokadiriwa na watazamaji waliokuwa sehemu mbalimbali, ilizidi mno kasi ya kitu kinachoanguka kwa uzito wake tu. Bonge la Siberia, lenye uzito wa takribani kilo 700, halikuweza kuelezwa kwa radi, kwa volkano wala kwa kazi ya wahunzi. Na taarifa 18 za kuanguka kwa mawe, zilizotoka nchi na karne tofauti, zilikubaliana katika mambo ambayo watu wasiofahamiana wasingeweza kupanga.

Mafunzo ya sheria yalimsaidia Chladni katika jambo hili la mwisho. Hakuuliza tu iwapo shahidi ni msomi. Aliuliza iwapo mashahidi wanaafikiana, iwapo wana sababu ya kudanganya na iwapo maelezo yao yana vipengele vinavyoweza kukaguliwa. Pallas mwenyewe alikuwa ameandika kwamba Watatari wa eneo lile waliliheshimu bonge hilo kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Kauli yao ilikuwa imechapishwa, ikasomwa na kupuuzwa kwa karibu miaka 20.

Kitabu hakikupokewa vyema mara moja. Matukio ndiyo yaliyokifanya kigumu kupuuzwa. Tarehe 16 Juni 1794, mawe mengi yaliangukia eneo la Siena, Italia, mbele ya watu wengi. Tarehe 13 Desemba 1795, jiwe la kilo 25 lilianguka Wold Cottage, Yorkshire. Na tarehe 19 Desemba 1798, mawe yalianguka karibu na Benares, India. Hata hapo, kukubali kuanguka hakukuwa sawa na kukubali asili ya mbali. Kwa kuwa mlima Vesuvius ulikuwa umelipuka saa chache kabla ya tukio la Siena, baadhi ya wasomi waliyahusisha mawe hayo na volkano. Kwa hiyo ni muhimu kutenganisha hatua mbili: kukubaliwa kwa tukio, na kukubaliwa kwa maelezo yake.

5.0 Kemia na Safari ya l’Aigle

Mwaka 1802, mkemia Mwingereza Edward Charles Howard, akisaidiwa na mtaalamu wa madini Jacques-Louis de Bournon, aliwasilisha kwa Jumuiya ya Kifalme ya London uchambuzi wa mawe ya Benares, Siena, Wold Cottage na Bohemia. De Bournon aliyatenga kwa subira viungo vya mawe hayo: chembe za mviringo, madini ya salfa, punje za chuma na unga uliovishikanisha. Howard akagundua nikeli katika punje za chuma, na nikeli hiyohiyo katika mabonge makubwa ya chuma, likiwamo lile la Siberia. Mawe kutoka nchi zilizotengana kwa maelfu ya kilomita yalifanana yenyewe kwa yenyewe, na hayakufanana na miamba ya mahali yalipookotwa.

Hapa ndipo ufanano ulioonwa mwaka 1772 ulipogeuka maana. Tofauti haikuwa tu kwamba kemia ilikuwa sahihi zaidi. Kamati ya Paris ilikuwa imelichambua jiwe zima kwa pamoja, ilhali Howard na de Bournon walichambua kila kiungo peke yake, na nikeli ikawa alama ambayo nadharia ya radi haikuweza kuieleza. Aidha, ulimwengu wenyewe ulikuwa umejaa zaidi: tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi aligundua Ceres, na mwaka 1802 Wilhelm Olbers aligundua Pallas. Anga kati ya sayari halikuwa tupu tena.

Tarehe 26 Aprili 1803, mvua ya mawe ilinyesha karibu na mji wa l’Aigle. Waziri Chaptal alimtuma Jean-Baptiste Biot, mwanafizikia kijana, kuchunguza. Utaratibu wa Biot unastahili kuangaliwa kwa makini. Hakwenda moja kwa moja l’Aigle; alianza mbali, huko Alençon, akiwauliza watu walichokisikia, kisha akasogea. Alikusanya ushahidi wa aina mbili. Ushahidi wa vitu ulionesha kwamba mawe ya aina ile hayakuwamo katika mikusanyo ya madini ya eneo hilo wala katika mabaki ya viwanda vya chuma kabla ya siku ile, na kwamba yalitapakaa katika umbo la duaradufu lenye urefu wa takribani kilomita 10. Ushahidi wa watu ulitoka kwa wasemaji wa hali na kazi mbalimbali, wasio na manufaa ya pamoja, waliokubaliana kuhusu wakati, mshindo na mwelekeo. Alikadiria mawe kuwa kati ya 2,000 na 3,000.

Taarifa hiyo, iliyosomwa tarehe 17 Julai 1803, haikutupa kanuni ya Hume; iliitimiza. Biot aliwapa wakulima wa Normandy hadhi ya mashahidi kwa kuziweka kauli zao mahali ambapo zingeweza kukaguliwa. Wavunaji wa Lucé walikuwa wamesema ukweli uleule, lakini hakuna aliyekwenda kuwauliza kwa utaratibu huo.

6.0 Mipaka ya Imani Mpya

Makubaliano ya 1803 hayakuwa mwisho. Laplace na wengine walipendekeza kwamba mawe hayo yalirushwa na volkano za mwezini, na dhana hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa kabla ya kuachwa. Mwaka 1983 kimondo kilichookotwa Antaktika kilitambuliwa kuwa kipande cha mwezi. Volkano hazikuhusika, kwani kilirushwa na mgongano. Lakini sehemu ya dhana iliyotupwa ilirudi ikiwa na ushahidi mwingine.

Shaka nayo ilihama tu. Wanasayansi waliokubali mawe madogo walisita kukubali makubwa. Katika miaka ya 1890, Grove Karl Gilbert alihitimisha kwamba shimo kubwa la Arizona lilitokana na mlipuko wa mvuke. Uthibitisho thabiti wa mgongano ulipatikana mwaka 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walipotambua humo koesaiti, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa. Mwaka 1980, Luis na Walter Alvarez na wenzao walipohusisha kutoweka kwa dinosaria na mgongano wa asteroidi, upinzani waliokutana nao ulifanana kwa sura na ule wa karne ya 18.

Kimondo cha Mbozi kinaliweka suala hili karibu na Afrika Mashariki. Bonge hilo la chuma na nikeli, linalokadiriwa kuwa na uzito wa takribani tani 16, liliingia katika maandishi ya kitaaluma mwaka 1930, ingawa wenyeji walilifahamu kabla ya hapo. Kusema kwamba “liligunduliwa” mwaka huo ni kurudia kosa lililofanywa kwa Watatari wa Siberia: kuhesabu maarifa kuanzia siku yalipoandikwa na mgeni. Hata hivyo, utambuzi wa asili yake ulihitaji kipimo cha nikeli na mistari ya Widmanstätten. Maarifa ya mahali na maarifa ya maabara hujibu maswali tofauti, na historia ya vimondo inaonesha hasara inayotokea mojawapo yanapokataa kulisikiliza jingine.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba wanasayansi waliokataa vimondo hawakuwa wapumbavu, na waliovikubali hawakubebwa na ushahidi pekee. Utafiti wa Ron Westrum, uliochapishwa 1978, ulisisitiza jinsi taarifa za matukio yasiyo ya kawaida zinavyochujwa na jamii kabla ya kumfikia mwanasayansi. Kisa cha Lucé kinaongeza kwamba hata taarifa inayofika ikiwa na jiwe lenyewe mkononi inaweza kusomwa kinyume. Mabadiliko yalitokea pale mambo matatu yalipokutana: Chladni alipowapima mashahidi kwa kigezo cha kisheria, unajimu ulipoondoa utupu wa anga, na kemia ilipotoa alama isiyoweza kuelezwa vinginevyo.

Funzo la historia hii si kwamba kila habari iliyokataliwa na wataalamu itathibitika baadaye. Mawe ya radi ya Jussieu yalikataliwa kwa haki na yamebaki kukataliwa. Funzo ni kwamba shaka ya kisayansi huwa na manufaa inapoacha njia ya kurudi: sampuli zinapotunzwa, kauli za mashahidi zinapoandikwa kama zilivyotolewa, na sababu za kukataa zinapowekwa wazi ili zichunguzwe. Karatasi za viapo vya Hraschina zilikaa Vienna kwa miaka mingi bila kuaminiwa. Kama zisingehifadhiwa, kosa la Stütz lisingejulikana, na wanakijiji saba wa Kroatia wangebaki waongo katika kumbukumbu ya sayansi.